Damu Isiyokaa Kitako

Wako watu ambao Mungu aliwapa miguu akasahau kuwapa makalio, na Barafu alikuwa mmoja wao. Harusini alikula amesimama mlangoni. Msibani alihama kundi hadi kundi mpaka wafiwa wakadhani anagawa kitu. Alipelekwa kujifunza useremala, akaondoka kabla ubao wa kwanza haujalainika. Akaingia gereji, akatoka. Dada yake mwenyewe akamkalisha kwenye cherehani, akashona mguu mmoja wa suruali, na mguu wa pili mwenye suruali anausubiri mpaka leo. Kazi iliyomkubali ni ile isiyomtaka akae: kuuza barafu za juisi kwa baiskeli, sanduku nyuma, kengele mbele, mtaa huu mtaa ule, tangu asubuhi mpaka jua lichoke. Marehemu mama yao alikuwa akisema, "Huyu mtoto damu yake haikai kitako," na alipokuwa akisema hivyo hakuwa akimsifu.

Dada mtu alikuwa kinyume chake. Yeye alikaa. Alikaa kwenye cherehani yake dirishani, akamlea mdogo wake mama yao alipofariki, akamzika mume, akamlea binti yake wa pekee, na yote hayo ungedhani aliyafanya bila kuinuka. Neno alilomwambia mdogo wake mara nyingi kuliko salamu lilikuwa "tuliza mguu," kwa sababu hata ukifaulu kumkalisha Barafu, goti lake lilichezacheza chini ya meza mpaka vikombe vikagongana.

Sasa siku hiyo wote wawili walikuwa wodini, na aliyelala kitandani ni huyo binti. Mtaani walimwita Chiriku kwa kuwa maneno hayakumwishia, akiwa shuleni, akiwa bombani, hata akiwa usingizini. Leo Chiriku alikuwa kimya. Pua yake ilikuwa imejazwa shashi, na shashi yenyewe ilikuwa imeanza kulowa tena.

Mambo yalianza kidogo kidogo, kama yanavyoanza mengi. Kwanza michubuko miguuni, ambayo mama yake aliilaumu mipira anayocheza na wavulana. Kisha vidoa vyekundu kwenye mashavu ya miguu, vidogo, kama mtu aliyemdunga kwa ncha ya sindano akawa hana haraka. Kisha damu kwenye mswaki. Halafu asubuhi hiyo pua ikafunguka, na vitambaa vyote vya masalio vilivyokuwa chini ya cherehani vikaisha, na damu haikuisha.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alipomwona mama wa mgonjwa amevaa futi shingoni, alianzia hapo hapo.

"Mama, ukijidunga sindano kidole, damu inaachaje kutoka?"

"Inaacha yenyewe."

"Haiachi yenyewe. Kuna chembe ndogo mno ndani ya damu, tunaziita chembe sahani, kwa sababu ni bapa kama sahani. Siku nzima zinazurura tu kwenye mishipa, ungesema hazina kazi. Lakini mshipa ukitoboka, zinaenda mbio pale kwenye tundu, zinajinasa ukingoni, zinajitoa mikono, zinashikana, zinaita nyingine zije, mpaka pengo linazibwa. Baada ya hapo ndipo nyuzi za damu zinakuja kushona juu yake."

Dada alielewa kuhusu nyuzi. Barafu, aliyekuwa akitembea kati ya dirisha na mlango, alielewa kuhusu kuzurura.

"Mwanao hazimtoshi," daktari aliendelea. "Zinatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na kiwanda hicho kimegoma. Kesho tutaanza kutafuta kwa nini. Lakini leo hii ninachoogopa si pua. Pua naiona. Naogopa mshipa utakaovuja mahali nisipopaona, kichwani. Anahitaji mfuko wa chembe sahani leo, jua halijazama."

Mfuko ulikuwepo, mmoja, kwenye benki ya damu upande wa pili wa mji. Gari la hospitali lilikuwa limetoka na hakuna aliyejua litarudi lini. Barafu alishika funguo za kufuli la baiskeli kabla daktari hajamaliza kusema.

"Niandikieni, naenda," alisema. "Nina miguu, nina baiskeli. Nani anaujua mji huu kunizidi?"

Dada yake alimshika mkono. Hakuwa mtu wa kushikashika watu. "Mdogo wangu," alisema, "nenda moja kwa moja, rudi moja kwa moja. Usipite popote."

"Nipite wapi, Dada?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye unayepitaga."

Kule benki ya damu alimkuta mama mmoja mrefu, miwani imening'inia kifuani, anayesimamia maabara nzima peke yake. Kulikuwa na friji za damu nyekundu, zimejipanga ukutani, na kando yake, juu ya meza ya kawaida, kulikuwa na mashine yenye trei inayokwenda huku na huku, huku na huku, taratibu, kama mama anayebembeleza mtoto na mawazo yako kwingine. Juu ya trei ulilala mfuko mmoja wa maji ya njano. Barafu alitarajia kitu chekundu, akauliza kama ndiyo damu yenyewe.

"Ndizo chembe zenyewe," mama yule alisema. Akauinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akautikisa polepole. Ndani ya ule unjano kulitokea kitu kama moshi unaong'aa, kikajizungusha, kikapotea, kikarudi. "Umeona? Zikiwa nzima ni bapa, zinapogeuka zinapiga mwanga. Mimi sitoi mfuko bila kuuangalia hivi. Usipozunguka moshi, mfuko huo si mali kitu."

Barafu aliona, akapenda, na mguu ukaanza kucheza. Mama yule akautia mfuko kwenye kiboksi chepesi cha plastiki, akaanza kutafuta miwani yake kifuani. "Subiri nikueleze namna ya kuubeba," alisema.

Simu ya Barafu ikalia. Alikuwa amemwekea dada yake mlio wa peke yake, wa kengele, mkubwa wa kufufua maiti. "Shashi ya pili imelowa," dada alisema. "Uko wapi?"

Basi. Barafu alikwisha kukibeba kiboksi kwapani. "Mama yangu, ahsante, usisumbuke," alisema akirudi kinyumenyume. "Kubeba vitu vya baridi ndiyo kazi inayonilisha." Mama wa maabara aliita nyuma yake, mara moja, mara mbili. Kengele ya baiskeli ilikwisha kufika barabarani. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Barafu lilikuwa limetangulia safari.

Tumtendee haki, hakuwa mpumbavu. Mwaka uliopita mke wa jirani alijifungua akavuja damu, na ni Barafu aliyetumwa kuchukua mifuko. Ile ilikuwa nyekundu, na ilifungashwa na vipande vya barafu, na muuguzi aliyeipokea aliigusa akasema hajapata kuona damu iliyofika ikiwa baridi vizuri namna ile. Sifa hiyo Barafu alitembea nayo mtaani kama nishani. Kwa hiyo, jua la mchana lilipompiga utosini, na kile kiboksi kikawa kinapata joto nyuma ya baiskeli, alisimama kivulini, akakifungua, akaingiza mkono. Hakuna barafu. Hakuna hata kipande. Mfuko ulikuwa vuguvugu kama maji ya bomba la mchana.

"Hawa watu ni wazembe," alijisemea, na akaingiwa na hofu ya kweli. Aliyaona maisha ya Chiriku yakichacha mikononi mwake kama maziwa.

Chumba chake kilikuwa njiani, kwa kukata kona mbili tu. Huko alikuwa na friji la kugandishia, na lile sanduku lake la biashara, alilokuwa amelishusha asubuhi, bora kuliko yote mjini, alilolishona ndani kwa magodoro kwa mikono yake. Alikata hizo kona mbili. Akaulaza mfuko kati ya matofali mawili ya barafu, akaufunika taulo safi, akabana kifuniko kwa mpira, akapanda tena. Aliendesha akiwa na furaha, Mungu amsamehe. Alijiona kwamba kwa mara ya kwanza maishani ujuzi wake mdogo umepata mahali pake.

Alipofika uwanja wa hospitali aliegemeza baiskeli ukutani, akafungua sanduku. Mfuko ulikuwa wa baridi ya kuuma vidole. Alitabasamu. Halafu, kwa kuwa hakuweza kamwe kushika kitu bila kukichezea, aliuinua juani ili aone tena ule moshi unaozunguka.

Alitikisa. Unjano ulikwenda kulia, ukarudi kushoto, umefifia, kama maji yaliyooshea mchele. Alitikisa tena, polepole zaidi, vile alivyofanya mama yule. Akauweka upande wa kivuli, akaurudisha juani. Moshi haukuja.

Alipiga simu benki ya damu. "Mama, shikamoo. Naomba kuuliza tu. Mtu akiutia ule mfuko kwenye barafu..."

"Marahaba. Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mwambie huyo mtu asithubutu kumpa mgonjwa," mama yule alisema. Hakupandisha sauti. "Damu nyekundu ndiyo inayotaka baridi. Chembe sahani ni za kukaa kwenye joto la chumba, na zinatakiwa zisitulie. Baridi ikizipiga zinajikunja, zinakuwa duara kama punje. Ukizitia mwilini, ini linaziona ni taka, linazifagia. Nilikuita mpaka koo likauma, mwanangu."

"Na mfuko mwingine?"

"Wa kundi lake la damu sina. Labda tuutoe kwa mtu leo hii. Ipo mashine. Inachukua damu, inatenga chembe, inamrudishia nyekundu yake. Lakini anakaa kwenye kiti muda mrefu, hasogei."

Barafu alisimama pale uwanjani na mfuko mkononi, watu wakimpita. Na hapa ndipo shetani alipokuja, tena hakuja na pembe, alikuja na hoja. Mfuko juani ungepata joto upesi, na ukishapata joto nani angejua? Daktari mwenyewe alisema asubuhi kwamba iko miili inayopewa mfuko na usifae kitu. Wangesema ni bahati mbaya. Wangesema ya Mungu mengi. Yeye angekuwa mjomba aliyekimbia jua kali, na dada yake angemkumbuka hivyo. Ingetosha kunyamaza tu, kazi ndogo kuliko zote alizowahi kupewa.

Lakini huo mfuko ungetundikwa, na wote wangepumua na kungoja, na wakati wakingoja, mshipa usioonekana ungefanya kazi yake. Hilo lilimchoma. Aliogopa sana, aliogopa uso wa dada yake kuliko alivyowahi kuogopa kitu, na akapanda ngazi hivyo hivyo akiwa anaogopa.

Dada alimwona akija, akainuka kwenye kiti. "Umefika," alisema, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Barafu angetoa sanduku, baiskeli na friji asiuone wakati ule.

"Dada, nimeuharibu," alisema. "Nimeutia kwenye barafu. Hautakiwi barafu. Ukiwekwa kwa mtoto haumsaidii kitu. Nimepiga simu nikauliza, ndiyo hivyo."

Muuguzi aliyekuwa amenyoosha mkono kuupokea mfuko akaurudisha mkono. Dada alimtazama mdogo wake, hapepesi.

"Ulipita nyumbani."

"Nilipita."

"Nilikwambia usipite popote."

"Uliniambia."

Alidhani atapigwa kofi, na kwa kweli angelipokea kwa shukrani. Dada alikaa tena, akakunja kitambaa alichokuwa nacho mapajani, akakikunjua, akakikunja. "Sikuulizi kwa nini," alisema. "Nikikuuliza utanieleza, na ukianza kueleza wewe, mtoto wangu ataisha damu."

Daktari aliitwa. Alisikiliza, akafumba macho kidogo, akauliza moja tu: nani katika familia ana kundi la Chiriku? Asubuhi hiyo wote wawili walikuwa wamepimwa. Dada kundi lake lilikuwa jingine, tena damu yake yenyewe ilikuwa pungufu. Wa kundi lile alikuwa mmoja, naye alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Huyu?" dada alisema. "Daktari, huyu hajawahi kumaliza sahani ya chakula amekaa."

"Leo atamaliza," daktari alisema.

Sauti ilitoka kitandani, ya puani, imebanwa na shashi. "Mjomba," Chiriku alisema, macho yamefumbwa. "Kaa. Usipokaa nitakuja kukufunga kamba mwenyewe." Alitaka kucheka, mama yake akamzuia, maana hata kicheko kilikuwa hatari.

Barafu alirudi benki ya damu na mama wa maabara hakumgombeza. Alimnyima hata hiyo nafuu. Alimpima uzito, akampima damu, akamuuliza kama amemeza aspirini au dawa yoyote ya maumivu siku za karibuni, maana hiyo huzilaza chembe zisifanye kazi. Hakuwa amemeza. Akamwambia avue koti alitundike msumarini, akamlaza kwenye kiti kirefu, akamfunga mkono, akamchoma. Mashine ikaanza kuzunguka kwa mngurumo.

"Nisikilize, na safari hii nimalize," alisema, na Barafu akasikiliza. "Mkono huu si wako mpaka niseme. Ukiusogeza, sindano itatoka mshipani, mashine itasimama, na leo siwezi kukuanzisha tena. Utasikia midomo inawasha, ni dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mipira. Nakupa maziwa. Mimi niko chumba cha pili napima sampuli zako. Unaelewa?"

"Naelewa, Mama."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

Akatoka, akafunga mlango.

Ungedhani kukaa ni kitu rahisi. Waulize watu kama Barafu. Kwanza pua iliwasha. Kisha kisigino. Kisha mahali fulani mgongoni ambapo hakujua kama ana ngozi. Goti lilitaka kucheza, akalikandamiza kwa mkono ule mwingine, likahamia upande wa pili. Alitazama damu yake ikitoka mwilini kwenye mpira mwembamba, nyeusi kuliko alivyodhani, ikiingia mashine, ikirudi. Midomo ikaanza kuchemkachemka. Juu ya mashine mfuko mtupu ukaanza kupata rangi ya njano, kidogo tu, kama chini ya kikombe. Alikuwa amekaa milele, na mfuko ulikuwa haujafunika hata chini yake.

Ndipo simu ilipolia.

Ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa msumarini ng'ambo ya chumba, na mlio ulikuwa ule wa kengele. Mlio wa dada.

Mwili wake uliinuka kabla yake. Mgongo uliachana na kiti, na mkono uliofungwa ukavutika, na sindano ikamkumbusha. Akarudi chini taratibu, jasho limemtoka. "Mama!" aliita. Mashine ilinguruma, mlango haukufunguka. Simu iliendelea. Dada yake hapigi simu ovyo. Mara ya kwanza alipiga ili kusema shashi imelowa. Sasa angepiga kusema nini? Barafu alijua angepiga kusema nini. Aliliona lile neno wazi, akamwona Chiriku kimya kabisa, si kimya cha shashi, na dada yake amekaa kando, amekaa tu, kama alivyokaa siku mama yao alipokufa. Na kama ni hivyo, huu mfuko ulikuwa unajazwa kwa ajili ya nani?

Simu ikanyamaza. Halafu ikaanza tena.

Hatua chache tu, na angejua. Maisha yake yote alikuwa akienda kuona: kuna nini kule, nani kaja, kumetokea nini. Miguu yake ilimlilia kama watoto. Barafu akashika ukingo wa kiti kwa mkono ulio huru, akageuza uso upande wa ukuta, akalia, machozi yakimwingia sikioni, na mkono ule mwingine akauacha ulale palepale kama si wake. Alisema kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumsikia, "Nimekaa, Chiriku. Nimekaa. Nimekaa." Simu ilinyamaza ikiwa bado hajaacha kusema.

Mama wa maabara aliporudi alimkuta macho mekundu, hasogei. Alitazama mfuko, akatazama mkono, akatazama simu iliyokuwa ikiwakawaka taa kwenye mfuko wa koti. Alimwekea mrija wa maziwa mdomoni kama mtoto mchanga.

Mashine ilipolia kwamba imemaliza, gari la hospitali lilikuwa limesharudi na limetumwa kumsubiri nje. Baiskeli aliiacha ukutani bila kuitazama. Alikaa kiti cha nyuma, mfuko mapajani, hakuna barafu, hakuna sanduku, akautikisa kwa viganja viwili, kulia, kushoto. Alikuwa ameambiwa kwa safari fupi hautadhurika hata ukitulia kidogo. Hilo alilisikia, lakini mikono yake ilikataa kubahatisha. Simu ilikuwa mfukoni na hakupiga. Aliogopa kujibiwa.

Wodini aliingia akiwa bado anautikisa. Kitu cha kwanza alichokitafuta ni shuka la Chiriku, na shuka lilipanda, likashuka, likapanda. Dada yake aliuchukua mfuko kutoka mikononi mwake, na kabla ya kumpa muuguzi, sijui nani alimfundisha, labda aliona tu jinsi mdogo wake anavyoutazama, aliuinua dirishani kwenye jua la jioni. Moshi ukaja. Ukazunguka ndani ya unjano, ukang'aa, ukapotea, ukarudi, haukutulia hata kidogo.

"Marehemu Mama alisema kweli," dada alisema.

Mfuko ulitundikwa. Ulishuka tone kwa tone kwenye mkono wa Chiriku, na muuguzi alikuja, akaenda, akaja, na alipobadilisha shashi mara ya mwisho, ile mpya ilikaa nyeupe. Daktari aliiangalia kwa muda, akasema kwa leo hata yeye mwenyewe atapata usingizi. Ya uboho ni ya kesho, na kesho ina mambo yake. Hakuna aliyeshangilia. Dada alilivuta shuka la binti yake mpaka mabegani, akalisawazisha pindo kama nguo ya mteja.

"Mlinipigia," Barafu alisema hatimaye. "Mara mbili. Nikadhani..."

"Sikupiga mimi. Chiriku ndiye aliyeshika simu." Dada aliongea akimtazama mtoto. "Alikuwa hataki kulala. Alinisumbua, mjomba amekaa, mjomba ameinuka? Nikamwambia mpigie, simu yake hukaa kwenye koti, na wa kuchomwa mkono havai koti. Akipokea, ujue kainuka."

Barafu aliipapasa simu mfukoni.

"Akapiga, hukupokea. Hakuamini. Akapiga tena."

"Halafu?"

"Halafu akalala."

Barafu aliinamisha kichwa akakiweka ukingoni mwa kitanda, karibu na mkono wenye sindano, bila kuugusa. Chini ya kiti goti lake lilianza kuchezacheza, na fremu ya kitanda ikalia kwa sauti ndogo. Dada yake aliliona goti lile, akalitazama muda mrefu, na siku hiyo hakumwambia alitulize.